Mlango Ambao Hakuna Aliyeupima

Kabula mwanangu,

Mama yako amekwisha kukupa ya kwake: shuka, dawa za malaria, jina la shangazi atakayekupokea stesheni, na namna ya kulinda begi lako treni ikisimama Tabora. Sina cha kuongeza. Nimekaa hapa karakana, Igoma, juu ya benchi la fundi. Wenzangu wamekwenda kula, na wewe uko kanisani unaaga wanakwaya. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukiniona naandika utauliza, ukiuliza nitaanza kuongea, na nikianza kuongea nitaipamba habari hii mpaka niwe mtu mzuri ndani yake. Kwenye karatasi naona ni vigumu kidogo kufanya hivyo.

Wewe unanijua kama baba mkimya. Watu wa Nyakato hawanijui hivyo. Tulipokuwa tunakaa kule kwenye nyumba za kiwanda, na wewe uko darasa la sita, mimi nilikuwa mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, na nilikuwa na mdomo. Sisemi kwa kujisifu. Nilisimama mbele ya watu wa zamu tatu, wamechoka, wana hasira, na nikikaa chini walikuwa wanacheka na kupiga makofi. Niliamini kwamba huko ndiko kuwa na akili.

Kiwanda kilikuwa cha umma, kikauzwa. Hayo unayajua. Siku zile kila mtu alikuwa anaimba soko huria, na sisi tulikuwa hatujui maana yake ni nini zaidi ya kwamba wakubwa wamebadilika. Yule meneja mpya alikuwa mtu wa tabasamu. Alipaka rangi geti. Alining'iniza saa mpya ya ukutani pale tunapogonga kadi. Alichinja ng'ombe wawili tukala uwanjani, na yeye mwenyewe akala kwa mikono pamoja nasi. Kisha akatoa karatasi. Karatasi ilisema mfanyakazi anakubali kwa hiari yake kupumzika miezi sita, mpaka mashine mpya zifike na zifungwe, kisha ataitwa kazini. Ilitakiwa saini ya kila mmoja.

Kabla ya mkutano, meneja aliniita ofisini. Alinipa soda, akaniambia, "Bwana Masalu, mashine mpya zitahitaji wasimamizi. Mtu kama wewe sitamwacha."

Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Nilitoka ofisini mle nikiwa tayari najua jibu: watu watie saini. Ndipo nikaanza kutafuta sababu. Zingatia ulivyokuwa mwendo wake, mwanangu. Sikuanza na sababu zikanifikisha kwenye jibu. Jibu nilipewa pamoja na soda, na sababu nikaziokota njiani nikirudi nyumbani. Na niliziokota nyingi! Geti limepakwa rangi, mtu anayetaka kuondoka hapaki rangi geti. Saa mpya, ng'ombe, tabasamu. Kila moja ilikuwa kweli. Hakuna aliyeweza kusimama aseme geti halikupakwa rangi. Sikujiuliza hata mara moja kama geti lenye rangi linaweza kukuambia chochote kuhusu mashine.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana, kwenye ghala la pamba. Nilisema kwa muda wa kutosha. Watu walikuwa wamelainika, wengine walikwisha kuomba kalamu. Ndipo akanyoosha mkono Magesa.

Humkumbuki, nadhani. Alikuwa fundi mitambo wa idara ya kufuma, Mjita wa huko pwani ya Mara, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa kukaa chini ya mashine. Alinizidi umri kidogo. Hakuwa msemaji. Miaka yote niliyokuwa mwenyekiti sikuwahi kumsikia mkutanoni. Alisimama akiwa ameshika kofia yake, na akasema taratibu, kama mtu anayehesabu vifaa kabla ya kuvirudisha kwenye sanduku:

"Mimi nina jambo dogo. Hizo mashine mpya, wametuonyesha picha. Ni pana kuriko hizi zetu. Sasa mrango wa idara yetu hauwezi kuzipitisha. Na hakuna mtu aliyekuja kuupima ule mrango. Waliokuja wamepima mashine za zamani. Wameziandika chaki. Na zile nati za sakafuni, za zile mashine nzima nzima, wamezipaka grisi. Sasa mimi najiuriza, mtu anayetaka kutupa chuma chakavu, anakipaka grisi cha nini?"

Nilihisi ghala linaniondokea, kama kamba inavyokutoka mkononi. Alichosema kilikuwa kinazungumzia mashine zenyewe. Cha kwangu kilikuwa kinazungumzia geti. Nilijua. Nataka ujue kwamba nilijua pale pale, kabla ya kufungua kinywa.

Nikafungua kinywa. Nikasema, "Ndugu yangu Magesa, mrango ni kitu gani? Tuletee kwanza mlango, ndipo tuupime."

Walicheka, Kabula. Walicheka mpaka wengine wakainama. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mrango!" na kicheko kikaanza upya. Magesa akasubiri kiishe. Hakikuisha. Akavaa kofia, akakaa. Na mimi, ambaye mama yangu mzazi alisema "habali za asubuhi" hadi siku aliyokufa kule Magu, nilisimama pale nikitabasamu.

Hakuna aliyemjibu. Hilo ndilo ninaloliona sasa kila nikikumbuka. Alileta sababu nne na hakuna hata moja iliyoguswa. Tulicheka ulimi wake, na baada ya kucheka tukafanya kana kwamba tumekwisha kumjibu.

Jioni ile Mama Leticia alikuja nyumbani. Huyo unamkumbuka, mjane wa kwenye idara ya kusokota nyuzi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Leticia wake alikuwa dawati moja na wewe. Wewe ulikuwa nje unacheza rede. Alikaa kwenye stuli ya jikoni na karatasi yake imekunjwa ndani ya kitambaa.

"Baba Kabula," akasema, "mimi yale ya mashine siyajui. Yule fundi alinitia wasiwasi. Lakini wewe umesoma. Niweke saini?"

"Weka, mama."

"Na nyumba? Hawatatutoa kwenye nyumba?"

"Watakutoaje wakati utarudi kazini?"

Alinitazama kidogo. Akasema, "Basi naweka kwa sababu umesema wewe." Nikampa kalamu yangu mwenyewe. Yeye hakuandika jina, alichora kitu kama herufi mbili zimeshikana.

Nilifurahi, mwanangu. Nilijiona mtu mzito. Leo nikilisikia lile neno, "kwa sababu umesema wewe," nasikia mzigo. Yule mama alikuwa ameuliza swali zuri kuhusu nyumba. Jibu langu lilikuwa swali lingine, nalo lilichukulia kwamba lile lililobishaniwa limekwisha kuthibitishwa. Atarudi kazini, kwa hiyo hatatolewa. Na atarudi kazini kwa nini? Kwa sababu nimesema. Ukilizungusha hivyo, halina pa kusimama.

Mashine mpya hazikuja. Mwezi wa pili baada ya saini malori yalikuja usiku na mchana, na yalikuja kuchukua zile za zamani zikauzwe. Mimi sikupumzishwa, meneja alitimiza ahadi yake. Alinipa usimamizi wa kupakia. Nilisimama na daftari nikiangalia mashine za idara ya kufuma zikitolewa, zile zilizopakwa grisi kwanza. Zilipita mlangoni kwa shida, zikikwaruza kuta pande zote mbili, na vijana wa kusukuma wakilaani. Hapo ndipo nilipoujua upana wa ule mlango. Mashine pana kuliko zile isingepita hata kwa nyundo. Mtoto angeliona jambo hilo kwa kutumia kipande cha kamba.

Zilipokwisha, nami nikaambiwa nimekwisha. Majengo yakawa bohari. Yalijaa marobota ya mitumba kutoka nje, mpaka kwenye ukumbi ambamo tulikuwa tunafuma khanga.

Nyumba tulitolewa wote, waliotia saini na wasiotia. Ndiyo maana tukahamia huku Igoma. Sisi tulikuwa na kiwanja cha babu yako cha kuuza, tukaanza upya. Mama Leticia hakuwa na kitu. Uliniuliza siku moja, umesimama mlangoni na begi la shule, "Baba, mbona Leticia haji tena?" Nikakujibu kwamba wamehamia kwa wajomba zake Sengerema. Ukaniamini. Ulilia kwa siku mbili kwa sababu hakukuaga.

Hawakwenda Sengerema. Walikwenda Kirumba, chumba kimoja nyuma ya soko la Mwaloni. Mama yake akawa anaanika dagaa kwa kibarua, na Leticia akawa anaanika pamoja naye. Darasa la saba hakufanya. Nilijua walipo. Miaka mitano nilizunguka njia ndefu nisipite Mwaloni, nikamwambia mama yako sipendi harufu ya kule.

Nilimwendea Mama Leticia mwaka juzi. Alikuwa amechuchumaa anageuza dagaa kwa fagio. Nilimweleza yote, hata ile soda. Nilidhani atanitukana au atalia, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kugeuza. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulijua."

"Nilishuku."

"Ulijua," akasema. "Mimi nilikuja kwako nikidhani hujui lakini una akili ya kukisia vizuri. Ningekusamehe kukisia vibaya." Hakuniambia kwaheri. Sijasamehewa, Kabula. Nakuambia ili usije ukadhani habari hii ina mwisho wa kunipoza moyo.

Leticia yupo. Ana banda lake la kukaangia samaki karibu na uwanja wa mpira, na ana mtoto mmoja. Anakukumbuka, aliniuliza kama bado unaandika kwa mkono wa kushoto. Ningetakiwa kukuambia siku ile ile. Treni yako ni kesho jioni, asubuhi yote ni yako. Ukitaka kwenda kumwona, nenda bila mimi.

Magesa naye nilimtafuta. Huyo alikuwa amerudi kwao Majita. Nilipanda basi la Musoma, nikashuka njiani, nikatembea mpaka ziwani nikimuulizia fundi wa injini za mitumbwi. Nilimkuta ameinamisha mabega yale yale juu ya injini iliyofunguliwa, amepanga vipande vyake juu ya gunia.

"Shikamoo, kaka Magesa."

"Marahaba." Akanyanyua kichwa. "Masaru! Mwenyekiti! Karibu, kaa hapo penye kivuri."

Mke wake akaleta uji. Nilikuwa nimekwisha kuipanga hotuba yangu ya kuomba radhi njia nzima, ina mwanzo na kilele. Nilipofika kwenye ile habari ya mrango, akanyanyua mkono wenye oili.

"Hilo la kucheka ririniuma, lakini riripita," akasema. "Watu wamenicheka tangu nilipoanza shule. Mimi kilichonibaki ni kingine. Hukunijibu."

"Nisingeweza kukujibu. Ulikuwa sahihi."

"Sasa unajua hivyo. Mimi siku ire sikujua." Akaifuta spana kwenye suruali. "Unafikiri nilisimama nikiwa na hakika? Nilikuwa na watoto watano mle kwenye nyumba za kiwanda. Sikutaka kuwa sahihi, Masaru. Nilitaka mtu asimame aniambie, Magesa, umekosea, mrango tutauvunja, ramani hii hapa. Au grisi ile ni kwa ajiri ya kitu fulani. Nilikuja mkutanoni nionyeshwe kosa langu, nirare usingizi. Hakuna aliyenionyesha. Nilirudi nyumbani sijui kama nimeshindwa au nimeshinda."

Miaka yote nilidhani nilimnyang'anya ushindi. Kumbe nilimnyang'anya kitu ambacho mimi sikuwahi kukihitaji kwa mtu, mtu wa kuyapima mawazo yake pamoja naye. Nilimuuliza kama anahudhuria mikutano ya kijiji. Akasema huwa anakwenda, anakaa nyuma, anarudi. Hajawahi kusimama tena. Kisha akaniomba nimshikie injini upande mmoja, nikaishika mpaka akamaliza.

Mwanangu, nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwaka jana, ulipokuwa kidato cha tano, nilikuja shuleni kwenu siku ya mdahalo. Nilikuambia nilichelewa nikasikia mwisho tu. Niliusikia wote, nilisimama dirishani. Mada ilikuwa soko huria, kama limemfaa mkulima. Wewe ulikuwa upande wa kusema limemfaa, na ulisema vizuri. Akasimama yule msichana wa Ukerewe, mfupi, mwenye kigugumizi. Alisema kwao wanunuzi wa pamba wanakuja na mizani zao, na zamani kulikuwa na mtu wa kuzikagua, siku hizi hayupo, na mkulima hana jinsi ya kujua anapimiwa nini. Ilimchukua muda mrefu kuyatoa hayo. Ulipopewa nafasi ya kujibu, ulisema, "Mwenyekiti, mpinzani wangu amenipotezea da-da-dakika zote, ngoja nimalizie mwenyewe."

Ukumbi ulilipuka. Na mimi dirishani nilipiga makofi. Mikono yangu ilipiga kabla sijawaza. Nilipoitambua ile sauti ya ukumbi, ilikuwa ni ile ya ghalani, nikaishusha mikono, nikaenda kukaa chini ya mti wa mwarobaini mpaka ulipotoka na kikombe cha ushindi. Ukaniuliza, "Baba, uliniona?" Nikasema nilichelewa. Nilipaswa kukuuliza: na mizani, Kabula? Ulimjibu nini kuhusu mizani? Huenda lilikuwapo jibu. Huenda soko lile lina faida hata mizani ikiwa mbovu, sijui. Wewe pia hujui, kwa sababu hukulitafuta.

Sitaki kukusukumia lawama yangu. Umejifunza kwa nani kama si kwangu? Ulipokuwa mdogo uliuliza kwa nini mpaka majirani wakakuita hivyo, Kwanini. Mara ngapi nilikujibu, "Kwa sababu nimesema mimi"? Ulipojifunza kwamba anayesema kwa sauti ndiye mwenye haki, ulijifunza kwenye meza yetu, ukila ugali wangu.

Lipo moja bado, ndilo gumu. Barua ya kukubaliwa kusoma sheria ilipofika, mama yako alipiga vigelegele na mimi nikatoka nje. Umenisubiri wiki hizi zote niseme neno. Mama yako nilimwambia naona Dar ni mbali. Ni kweli ni mbali, lakini hiyo siyo sababu yangu, hiyo ni ya aina ya geti. Sababu yangu hasa ni hii: una mdomo kama wangu. Mimi mdomo wangu uliwatoa watu kwenye nyumba zao. Na nadhani huko unakokwenda watakufundisha kuunoa zaidi. Kwa hiyo sitaki uende.

Nimeiandika hivyo, nikaacha kalamu, nikaisoma mara mbili kama ambavyo ningeisoma karatasi ya mtu mwingine. Naona inavuja. Kwamba una mdomo wangu, kweli. Kwamba mdomo wangu uliharibu, kweli. Lakini katikati yake nimepitisha kitu kimyakimya, kwamba wewe utaitwa ofisini kama nilivyoitwa, na utatoka na jibu kama nilivyotoka. Hilo sina ushahidi wake. Sina hata mmoja. Ulimcheka msichana mmoja ukiwa na miaka kumi na minane, na nisikufiche, mwalimu wako aliniambia baadaye kwamba juma lililofuata ulikwenda bwenini kwao kumwomba radhi, bila kutumwa na mtu. Mimi ilinichukua miaka. Nimekushitaki wewe kwa kesi yangu.

Basi sababu yangu haitoshi, mwanangu, na nyingine sina. Nilikosea kukunyamazia wiki hizi zote. Nenda ukasome sheria.

Baba yako,
Masalu